Mguguli wa Kutch: Shajara ya Safari Katika Nchi ya Miiba

Jumamosi, Bhuj

Katika soko la zamani la Bhuj, mji mkuu wa wilaya ya Kutch katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, utomvu wa guguli huwekwa ndani ya makopo ya bati yenye vifuniko, mbali na viungo vya chakula, kwa sababu harufu yake huhamia kwenye kila kitu kilicho karibu. Muuzaji mmoja alinifungulia makopo matatu. La kwanza lilikuwa na mabonge ya rangi ya asali, yanayopitisha mwanga ukiyainua kuelekea mlangoni. La pili lilikuwa na mabonge ya kahawia yaliyoshikamana na vipande vya gome. La tatu lilikuwa na kitu cheusi na kizito, kilichojaa mchanga na vijiti, nacho kilikuwa kimenyunyiziwa mafuta ya mbarika ili king'ae. Bei ya lile la kwanza ilikuwa mara kadhaa ya bei ya lile la tatu, na wateja walioingia nilipokuwa nimeketi pale walikuwa wakiomba la tatu, kwa ajili ya kufukiza nyumba. Utomvu safi, alinieleza, ni wa matabibu.

Nilimwuliza mali yake inatoka wapi. Alijibu bila kuficha kwamba zamani ilitoka katika vilima vya wilaya hiihii, lakini baadaye, kwa miaka mingi, utomvu mwingi uliouzwa India uliletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, katika ardhi kavu ya Tharparkar iliyoko Sindh, nchini Pakistan, ambako nako miti imekwisha kuumizwa vibaya.

Nimekuja Kutch kuuona mmea wenyewe. Mguguli, ambao wataalamu wa mimea huuita *Commiphora wightii*, ni kichaka cha miiba cha jenasi moja na mmanemane wa Somalia na kaskazini mwa Kenya, na ukoo wake mkubwa ndio ukoo wa mti wa ubani. Utomvu wake umetumika katika Ayurveda, tiba ya asili ya India, kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliuingiza katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kiumbe kuhesabiwa kuwa kimetoweka porini. Ninachotaka kukifahamu katika safari hii ni namna mmea uliostahimili matumizi ya karne zote hizo ulivyoangushwa katika muda wa vizazi vichache tu.

Jumapili, Dhinodhar

Tuliondoka Bhuj kabla ya jua kuchomoza, mimi na mwenyeji wangu, kijana aliyesomea elimu ya mimea, ambaye amezunguka vilima hivi kwa miguu tangu akiwa mwanafunzi. Barabara ya kwenda Nakhatrana hupita katikati ya mashamba ya mbarika na pamba, kisha ardhi hubadilika, udongo ukipungua na mawe yakizidi, mpaka kilima cha Dhinodhar kinapojitokeza upande wa kaskazini. Ni kilima cha miamba ya volkano chenye kimo cha karibu mita 390, na ukisimama juu yake unaliona Rann Kubwa, jangwa la chumvi linaloenea hadi mpakani.

Mguguli hauonekani kwa mbali. Februari ni msimu wa ukavu hapa, na majani yote yamekwisha kupukutika, hivyo mteremko mzima unaonekana kuwa mawe na vijiti vya rangi moja. Mwenyeji wangu alisimama mbele ya kichaka kilichonifika begani, akaniomba nisogee taratibu. Matawi yake hayaendi moja kwa moja; huvunjika huku na huku kila baada ya sentimita chache, na kila kitawi huishia kwenye ncha kali, kwa maana mwiba wa mguguli hauoti juu ya tawi bali ni tawi lenyewe lililochongoka. Gome la nje huchambuka kwa vipande vyembamba kama karatasi, vyenye rangi ya majivu iliyochanganyika na manjano, na chini yake kuna gome jingine la kijani kibichi. Kijani kile ndicho kinachoulisha mmea wakati huu usio na majani, kwa sababu gome lenyewe hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Mvua zitakaponyesha, kati ya Juni na Septemba, majani madogo yenye meno pembeni yatatokea upesi, mmea utafanya kazi kwa miezi michache, kisha utayaachia tena. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 400, na miaka mingine haifiki hata nusu ya hapo, sioni namna nyingine ya kuishi iliyo na busara kuliko hii.

Kuzunguka kichaka hicho niliona mimea ambayo msomaji wa Afrika Mashariki angeitambua bila kuambiwa. Palikuwa na mswaki, uleule unaochongwa kusafishia meno; palikuwa na mgunga utoao gundi; palikuwa na mnyaa wa jamii ya mitupa, wenye matawi manene yasiyo na majani. Mwenyeji wangu alinionyesha jinsi miche ya mimea mingine inavyoota ndani ya miiba ya mguguli, mahali ambapo mbuzi hawezi kuingiza mdomo wake. Mguguli mmoja ukifa, alisema, hufa pamoja na kitalu cha porini kilichokuwa chini yake.

Katika mteremko wa kusini tulikuta miguguli iliyokufa mingi kuliko iliyo hai. Mashina yake bado yamesimama, makavu, meupe, na kila moja lina makovu mapana kuanzia karibu na ardhi hadi kwenye tanzu kubwa. Niliweka kidole ndani ya kovu moja kikazama hadi kwenye mti wa ndani, na unga wa mchwa ulimwagika.

Jumatatu, kijiji chini ya vilima

Leo nilikaa na mgemaji. Ni mzee aliyeanza kazi hii akiwa mtoto, akimfuata baba yake, na alikubali kunionyesha kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la kijiji. Nilimpa heshima hiyo kwa moyo mmoja. Tulikunywa chai ya maziwa, tukala mkate wa uwele kwa samli na sukari guru, kisha tukapanda hadi kwenye mguguli ulio nyuma ya zizi lake, ambao ameutunza mwenyewe.

Alianza kwa kukwangua gome la nje lililolegea, kwa upande usio na makali wa kisu kifupi, mpaka gome la kijani likawa wazi. Kisha akaweka ncha ya kisu, akachanja chale moja ya mshazari, ndefu kiasi cha kidole, na mkono wake ukasimama ghafla mahali ambapo macho yangu hayakuona tofauti yoyote. Aliniambia kwamba pale ndipo gome linapokwisha. Njia za utomvu zimo ndani ya gome, hazimo katika mti wa ndani, na anayekwenda zaidi ya hapo hapati chochote cha ziada isipokuwa kidonda kisichopona. Tone la kwanza lilitokea baada ya muda mfupi, jeupe lenye ukungu, likakua, likaanza kugeuka manjano pembeni, na harufu yake ikapanda: chungu kidogo, yenye utamu nyuma yake, iliyo karibu na manemane lakini nzito zaidi. Utomvu huo utashuka polepole na kugandia kwenye gome, naye atarudi kuubandua baada ya siku 10 hadi 15. Kazi hufanyika kuanzia mwishoni mwa baridi hadi joto linapokuwa kali, na husimama kabla ya mvua.

Mguguli uliokomaa, wenye umri wa miaka minane au kumi, hutoa gramu 200 hadi 500 katika msimu mmoja. Nataka msomaji alipime jambo hili vizuri: kilo moja ya utomvu ni kazi ya miti miwili hadi mitano iliyongoja karibu miaka kumi kabla ya kuguswa.

Baba yake, alinieleza, alichanja chale chache kwa mti mmoja, akauruka mti huo msimu uliofuata, na hakugusa kabisa shina jembamba. Siku hizi wanakuja wanunuzi wenye magari wanaolipa kwa kilo, hawaulizi umri wa mti, na wanataka mzigo ndani ya wiki chache. Wagemaji wanaofanya kazi kwa haraka hiyo huchanja hadi ndani ya mti, pande zote za shina, kisha hupaka kwenye jeraha mchanganyiko wa mkojo wa mnyama na utomvu wa zamani ili mmea umwage zaidi. Katika miongo ya karibuni imeongezeka etefoni, kemikali ambayo kwingineko hutumiwa kuivisha matunda. Kwa mmea, utomvu ni kinga ya jeraha, na kemikali hiyo huulazimisha kutoa kinga yake yote kwa mara moja. Utomvu hububujika kwa wingi ambao mgemaji wa zamani hakuwahi kuuona, na mmea hufa, aghalabu kabla mwaka haujaisha, huku kuvu na mchwa wakiingia kupitia kidonda kilichoachwa wazi.

"Mzee," nilimwuliza, "kwa nini usiuache mti mwaka mmoja upumzike, kama baba yako alivyofanya?"

"Huu wa nyuma ya zizi nauacha, mwanangu. Ule wa mlimani nikiuacha mimi, mwenzangu atakuja kesho aukate. Hauna mwenyewe."

Nimelifikiria jibu hilo jioni nzima, na naona linaeleza sababu ya msiba huu vizuri zaidi kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Mzee huyu anajua kuchanja bila kuua, elimu haijapotea. Kilichopotea ni uhakika kwamba mti utakaouhurumia leo utakuwa wako mwaka ujao. Wachungaji wa Wajir, Isiolo na Marsabit, ambao hukusanya manemane na ubani katika nchi kavu ya Kenya, kwa sehemu kubwa huokota utomvu uliotoka wenyewe, bila kuchanja. Mimi ninaona desturi hiyo ni akiba ambayo haifai kuuzwa kwa mnunuzi wa kwanza atakayefika na kisu na chupa ya kemikali, hata akiahidi bei nzuri kiasi gani.

Jumanne, Lakhpat

Safari ndefu kuelekea magharibi, hadi mwisho wa barabara. Kutch inaishia Lakhpat, mji uliozungushiwa ukuta mkubwa ambao ndani yake sasa wanaishi watu wachache sana. Ulikuwa bandari tajiri wakati mkondo mmoja wa mto Indus ulipofika hapa, lakini tetemeko la ardhi la mwaka 1819 liliinua ardhi, maji yakageuka, na biashara ikahama.

Nilitaka kufika hapa kwa sababu mbili. Kwanza, katika utenzi mmoja wa Atharvaveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, mwombaji anaisifu harufu ya guguli kwamba huufukuza ugonjwa kwa yeyote inayemfikia, na anaitaja guguli ya nchi ya Sindhu na ile inayotoka baharini. Nikiwa nimesimama juu ya ukuta wa Lakhpat, Sindh ikiwa ng'ambo ya tope na bahari ikiwa kushoto kwangu, maneno hayo yalionekana kwangu kuwa maelezo ya wazi ya njia ya biashara. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 nao unataja utomvu wa aina hii ukipakiwa katika bandari iliyokuwa mdomoni mwa Indus, na ni mwongozo huohuo unaotaja Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Sina shaka kwamba pepo za kaskazi na kusi zilibeba harufu hii muda mrefu kabla ya majumba ya mawe ya Unguja kujengwa.

Pili, hapa Lakhpat ndipo alipozaliwa Tharia Topan mwaka 1823, mtoto aliyevuka bahari hadi Zanzibar akawa tajiri na msimamizi wa forodha ya Sultani. Jengo zuri lenye roshani za mbao zilizonakshiwa kwenye ufuko wa Mji Mkongwe, ambalo Waunguja wanalijua kama zahanati ya zamani, lilianzishwa naye mwaka 1887 ili liwe nyumba ya matibabu. Nimelipita jengo hilo tangu utotoni, na leo nimeuona mji wa aliyelijenga.

Ndani ya hifadhi ya Narayan Sarovar, tuliyopita tukienda na kurudi, tuliona swala wa chinkara na miguguli michache ikiwa hai kandokando ya makorongo, mahali ambapo walinzi wa misitu hupita mara kwa mara.

Jumatano, kitalu nje ya Bhuj

Kitalu hiki ni cha kuotesha miguguli kwa ajili ya kuirudisha vilimani. Bodi ya Taifa ya Mimea Dawa ya India, iliyoundwa mwaka 2000, imesaidia kazi za namna hii Gujarat na Rajasthan, na hapa Bhuj watafiti wa ikolojia ya jangwa wamekuwa wakishughulika na mmea huu kwa miaka mingi.

Mguguli unakubali kupandwa kwa kipande cha shina. Mfanyakazi alikata mbele yangu tawi lenye unene wa kidole gumba, akaliacha kivulini ili jeraha likauke, na akanionyesha safu za vipande vilivyotangulia, vilivyokwisha kuchipua vikiwa ndani ya mifuko ya udongo wa kichanga. Vitatolewa kwenda vilimani mvua ya kwanza ikishanyesha. Kwa mbegu mambo ni magumu zaidi. Kokwa la tunda ni gumu, na huota kwa shida. Isitoshe, karibu miguguli yote inayoonekana porini ni ya kike, ya kiume ni adimu mno, na watafiti wa India walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mmea wa kike hutengeneza mbegu bila kuhitaji chavua, kiasi kwamba kokwa moja huweza kuwa na viinitete zaidi ya kimoja, vyote vikiwa nakala ya mama. Hiyo ni njia nzuri ya kuzaliana katika nchi isiyo na uhakika wa mvua, lakini ina gharama kubwa: miti ya mlima mzima inaweza kuwa na urithi unaokaribiana sana, na ukiuondoa mlima huo umeondoa urithi ambao mlima mwingine hauna. Ndiyo maana mkuu wa kitalu hukusanya vipande kutoka sehemu mbalimbali za wilaya na kuviandika asili yake kwenye vibao, badala ya kuzidisha mti mmoja wenye utomvu mwingi. Nilimwona kuwa mtu mwenye subira ya kweli, na kazi yake inastahili fedha nyingi kuliko zinazoifikia.

Tulipotoka alinionyesha adui mwingine ng'ambo ya barabara, ukuta mzima wa kijani uliofunga kila uwazi. Wenyeji huuita *gando baval*, na Mkenya yeyote wa Baringo angeutambua mara moja: ni mathenge. Uliletwa Kutch kuzuia jangwa lisisogee, kama ulivyoletwa Baringo, na hapa kama kule umezidi kiasi, umeziba malisho na kuinyang'anya mimea ya asili maji na nafasi. Mguguli, unaokua polepole namna ile, hauwezi kushindana nao bila msaada wa panga la binadamu.

Alhamisi, Madhapar

Madhapar ni kijiji kilicho karibu kabisa na Bhuj, na katika vijiji hivi vya jamii ya Wapatel kuna familia nyingi ambazo nusu yake iko Nairobi na Mombasa au London. Nilikaribishwa na mama mtu mzima aliyezaliwa Nairobi na kurudi Kutch baada ya kuolewa. Kiswahili chake kimebaki kizima.

"Karibu, mwanangu. Keti hapa penye upepo."

"Asante, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja mbali hivyo kutafuta gugal?"

Jioni alitia makaa ya samadi ya ng'ombe iliyokaushwa ndani ya chetezo cha udongo, akadondosha vipande viwili vya guguli nyeusi, na moshi mzito wa buluu ukapanda. Alikizungusha chetezo mlangoni, penye picha za miungu, kisha chumbani alikolala mjukuu mchanga na mama yake. Mwanamke aliyejifungua, alisema, hufukiziwa hivi kila jioni, na nguo za mtoto hutandazwa juu ya moshi. Nilimweleza kwamba kwetu Unguja mzazi hufukizwa vivyo hivyo, kwa ubani na udi, akacheka kwa furaha na kusema kwamba majirani zao wa Nairobi waliotoka pwani walikuwa wakifanya hivyo na mama yake alikuwa akienda kwao kuomba makaa. Nilimwuliza kama ameona upungufu wa guguli. Alinijibu kwamba siku hizi hutia vipande viwili ambapo mama mkwe wake alitia konzi, na kwamba zile zinazouzwa madukani kwa jina la guguli mara nyingi ni gundi nyingine zilizochanganywa, ambazo yeye huzitambua kwa moshi wake unaowasha macho.

Jumamosi, Jamnagar

Jana ilikwenda yote barabarani, kwa kuizunguka Ghuba ya Kutch kupitia Morbi. Jamnagar ni mji wa Ayurveda. Chuo Kikuu cha Ayurveda cha Gujarat kilianzishwa hapa katika miaka ya 1960, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka hapa kituo chake cha kimataifa cha tiba asilia.

Tabibu aliyenipokea hutengeneza dawa zake mwenyewe. Guguli mbichi, alinieleza, haipewi mgonjwa kama ilivyo, kwa sababu huchoma tumbo na kuleta vipele. Lazima isafishwe kwanza. Alichambua mabonge kwa mkono, akiondoa gome na mawe, akayafunga ndani ya kitambaa, akakining'iniza kitambaa hicho kwa kijiti kilicholazwa mdomoni mwa chungu, ili kizame ndani ya maji yaliyochemshiwa matunda matatu makavu ambayo kwa pamoja huitwa triphala. Matabibu wengine hutumia maziwa ya ng'ombe. Moto ulikuwa mdogo. Kadiri chungu kilivyochemka, guguli iliyeyuka na kupita kwenye nyuzi za kitambaa, maji yakawa mazito ya rangi ya kahawia, na ndani ya kitambaa ukabaki mchanga na vijiti, uchafu mwingi kuliko nilivyodhani kutoka kwenye mabonge yaliyoonekana safi. Maji hayo hukaushwa kwenye sinia lililopakwa samli, kisha kinachobaki hutwangwa kwa muda mrefu pamoja na unga wa dawa nyingine mpaka kilainike na kuweza kufinyangwa tembe. Ndivyo zinavyopatikana Yogaraja Guggulu kwa maumivu ya viungo, Kaishora Guggulu kwa jongo, Kanchanara Guggulu kwa uvimbe wa tezi, na nyingine nyingi.

Nilimwuliza kuhusu sifa kubwa ya siku hizi, ya kupunguza mafuta kwenye damu. Habari hii ina historia yake. Katika kitabu cha kale kinachonasibishwa na Sushruta, tabibu wa India ya kale, kuna maelezo ya ugonjwa wa unene na guguli ikiwa mojawapo ya tiba zake. Mwaka 1966 mtafiti G. V. Satyavati wa Chuo Kikuu cha Banaras aliyafuata maelezo hayo kwa majaribio ya sungura, na akaona mafuta ya damu yakipungua. Katika miaka ya 1980 dawa iliyotengenezwa kwa utomvu huo iliruhusiwa kuuzwa India, na baadaye tembe zake zikaenea Marekani kama virutubisho. Kisha mwaka 2003 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa makini huko Pennsylvania, kwa watu wazima 103 na kwa wiki nane: kolesteroli mbaya haikushuka kwa waliomeza guguli, bali ilipanda kwa asilimia 4 hadi 5, ilhali kwa waliopewa tembe tupu zisizo na dawa ilishuka kwa asilimia 5, na baadhi ya waliomeza guguli walipata vipele.

Tabibu hakukwepa. Alisema wale walipewa dondoo, yaani kiini kilichotolewa kwenye utomvu, hawakupewa dawa iliyopikwa na kuchanganywa kwa kanuni, wala hawakuchaguliwa kwa namna tabibu anavyochagua mgonjwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwa maoni yangu mwenye kudai kwamba dawa yake kamili inafanya kazi ndiye anayepaswa kuleta jaribio kamili, na mpaka atakapolileta, mgonjwa wa moyo asiache dawa za hospitali kwa ajili ya guguli. Tulikubaliana bila ubishi katika mambo mawili: mjamzito asiitumie, na anayetumia dawa za moyo kama propranololi na diltiazemu amwambie daktari wake kwanza, kwa sababu guguli hupunguza kiasi cha dawa hizo kinachoingia mwilini. Tulikubaliana pia, na hili lilinigusa zaidi, kwamba miti mingi imekufa kwa ajili ya tembe za kupunguza unene zilizonunuliwa na watu ambao hawakuzihitaji.

Kabla sijaondoka alinionyesha daftari lake la ununuzi. Kwa kila mzigo wa guguli ameandika uzito, bei na jina la mfanyabiashara, na safu ya asili ya mali iko tupu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia utomvu ulichanjwa wapi wala kwa mti wa umri gani. Kwa hiyo ameacha kutoa guguli kwa wagonjwa wa unene, ameibakiza kwa wenye maumivu ya viungo na mifupa iliyovunjika, na yeye na matabibu wenzake wamewapa wakulima wawili vipande vya shina wavipande mipakani mwa mashamba yao, kwa makubaliano ya maandishi kwamba miti ni mali ya mkulima. Vipande vilishika mizizi mvua za mwaka jana. Utomvu wake wa kwanza hautarajiwi kabla ya miaka minane.